Mitungi Ishirini na Sita

Jumatatu, 30 Septemba

Muhula wa mwisho umeanza, na mvua imeanza nao. Vishikwambi 43 vimetoka saa mbili kasoro robo, 43 vimerudi saa saba. Namba 8 ina ufa kwenye kona, ni wa zamani. Namba 31 inashika chaji inapotaka yenyewe.

Daftari ni jipya, kwa hiyo naandika mambo yalivyo. Mimi ni mtunza vifaa wa shule. Miaka tisa nilikuwa mtunza maktaba. Mwaka jana mradi ukaleta vishikwambi kwa darasa la mwisho, vitabu vikaingia kwenye maboksi, penye rafu pakawekwa kabati la kuchajia, nami nikabaki chumba kilekile na cheo kipya. Watoto wananiita Bibi Chaji. Sina mume wala mjukuu, lakini sijalikataa jina.

Kila mtoto ana kishikwambi chake na namba yake ya siri. Namba hizo nilizipanga mimi, ziko kwenye daftari la bluu, droo ya pili. Mazoezi wanayofanya humo ni robo ya alama za mtihani wa mwisho. Mradi unataka kila mtoto asome saa sita kwa wiki, na mashine huhesabu saa kwa masomo yaliyokamilika. Wastani ukishuka chini ya hapo wiki tatu mfululizo, vifaa vinahamishiwa shule nyingine, nami sidhani kama rafu zangu zitarudi.

Jumanne, 1 Oktoba

Mvua. 43, 43.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mvua. 43, 43.

Nimekula na Mama Kinanda kama kawaida. Yeye ni mpishi wa shule, na tangu niajiriwe sijala chakula cha mchana kwingine ila mezani kwake, ile meza ya kukatia vitunguu. Binti yake yuko darasa la mwisho, kishikwambi namba 12. Wenzake walimpa jina la Kinanda kwa sababu akifikiri huimba puani bila kujijua. Jina likamganda, likamganda na mama yake.

"Mwenzangu," ameniambia leo akinipakulia, "wewe unalisha mashine, mimi nalisha watoto. Zako angalau hazisemi chumvi imezidi."

"Zangu zikikosa chakula zinakwenda kushtaki, dada."

"Basi zimelelewa vibaya."

Jumatatu, 7 Oktoba

Mto umepanda juu ya daraja. Watoto wa ng'ambo hawakuja. Vimetoka 17, vimerudi 17. Vile 26 vimeshinda kabatini na taa zake za kijani, vimeshiba, havina wa kuvigusa.

Jumanne, 8 Oktoba

17, 17.

Jumatano, 9 Oktoba

17, 17. Mama yangu, ambaye ni mgonjwa na tunaishi naye wawili tu, ameniona nikiandika akauliza, "Kila siku unaandika. Unamshtaki nani?" Nimemwambia naandika mvua. "Mvua haihitaji karani," akasema.

Ijumaa, 11 Oktoba

Wastani wa wiki ni saa mbili na nusu. Mwalimu Mkuu ameniita ofisini. Alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwangu.

"Umeona wastani?"

"Nimeona, mwalimu. Watoto hawawezi kuvuka."

"Mashine haijui mto."

Akageuka. "Mama, wewe ndiye unayekaa navyo. Visilale njaa."

"Una maana gani, mwalimu?"

"Nina maana hiyohiyo uliyoielewa."

Jumanne, 15 Oktoba

Naandika nilichofanya.

Baada ya chakula darasa la mwisho hujisomea kwa madaftari, vishikwambi vinapumzika. Saa nane nimefunga mlango wa maktaba kwa ndani. Nimefungua kishikwambi cha kwanza kati ya vile 26, nikaingiza namba ya siri, nikafungua somo, nikabonyeza majibu. Kisha cha pili. Hadi saa tisa na robo nilikuwa nimemaliza vyote. Kidole kilikufa ganzi.

Kengele ilipolia niliruka kama mwizi. Halafu nikajiambia: ni saa tu, saa za mashine, sijamwibia mtu.

Jumatano, 16 Oktoba

Jana nilibahatisha majibu, na leo nimeona matokeo yake. Mashine imeona watoto hawajui kitu, ikawarudisha nyuma masomo matano, wengine saba. Daraja likifunguka watakuta wako kwenye sehemu na desimali ndogo kama watoto wa madarasa ya chini. Nimewaumiza.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimepata njia. Kinanda haishi ng'ambo, anahudhuria kila siku na anamaliza kila zoezi. Nimeweka namba 12 mbele yangu, wazi, na vile 26 nimevijaza kwa kuitazama. Pale pa kuchagua nimechagua alichochagua yeye. Pale pa kuandika sentensi nimebadili neno moja moja.

Kulikuwa na swali: kwa nini maji hubaki baridi kwenye mtungi wa udongo? Kinanda ameandika: "Kwa sababu mtungi hutoka jasho kama mtu." Nimecheka peke yangu. Kisha nimeandika mara ishirini na sita, mtungi unatoka jasho, mtungi hutokwa na jasho, jasho la mtungi.

Mashine imewarudisha watoto mbele.

Ijumaa, 18 Oktoba

Wastani saa sita na dakika kumi. Mwalimu Mkuu amepita mlangoni. "Kazi nzuri," akasema, bila kuingia.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mvua. Vimetoka 17. Nimejaza 26.

Jumanne, 22 Oktoba

Mvua. 17. Nimejaza 26.

Jumatano, 23 Oktoba

Mvua. 17. Nimejaza 26. Siruki tena kengele ikilia.

Alhamisi, 24 Oktoba

17. Nimejaza 26.

Ijumaa, 25 Oktoba

17. Nimejaza 26. Mto umeanza kushuka.

Jumatatu, 28 Oktoba

Daraja limefunguka. Vimetoka 43! Watoto wa ng'ambo wameingia na matope hadi magotini. Mmoja, mrefu, wanamwita Ngazi, amekiangalia kishikwambi chake akapiga mluzi. "Bibi Chaji, mbona niko somo la thelathini na mbili? Niliacha la ishirini."

"Umeulizwa?" akasema mwenzake. "Ukipewa nyama usiulize mfupa." Wakacheka, wakaenda. Hakuna aliyerudi kuuliza.

Baada ya chakula nimewasha kompyuta ya mtunzaji nione wastani. Ilikuwa saa nane na dakika kumi. Juu ya skrini kulikuwa na mstari mwekundu ambao sijawahi kuuona. Nilidhani ni betri. Nimeubonyeza. Umeandikwa:

*Tahadhari ya ulinganifu. Majibu ya watumiaji 26 yanafanana na ya mtumiaji 12. Chanzo kinachodhaniwa: mtumiaji 12. Taarifa imetumwa.*

Nimeisoma mara nne. Mikono ilikuwa baridi kama nimeitia kwenye mtungi huo huo. Nimefunga skrini. Nimefagia chumba. Nimefagia tena.

Taarifa imetumwa kwa nani?

Jumanne, 29 Oktoba

43, 43. Hakuna aliyesema kitu. Nimekula jikoni. Kinanda alikuja kuchukua ndoo akiimba puani, mama yake akamwambia, "Punguza sauti, redio imekuwa na betri mpya?"

Jumatano, 30 Oktoba

43, 43. Kimya.

Ijumaa, 1 Novemba

43, 43. Huenda ni mashine inayojisemea yenyewe, kama namba 31. Naandika hivi lakini siamini.

Jumanne, 5 Novemba

Amekuja.

Ni mkaguzi wa mradi, amefika baada ya chakula. Walimu wanamwita Bwana Takwimu. Nilimtarajia mtu mkali, ni kijana mpole wa umri wa kuwa mwanangu, amevua viatu mlangoni kwa sababu vilikuwa na matope. "Shikamoo, mama." Nikaitikia. Amekaa kwenye kiti changu kwa ruhusa yangu. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama karibu na kabati.

Amesema anajua watoto 26 hawakuwapo, habari za daraja amezisikia njiani. Kwa hiyo kuna mtu aliwajazia. Mtu huyo aliketi humu, kila siku saa nane hadi saa tisa, na majibu yote yametoka kwa mtumiaji 12.

"Nimesoma majibu yenyewe," akasema, akitabasamu kidogo. "Watoto ishirini na sita, na mitungi yote inatoka jasho."

Kisha akauliza ninapoweka namba za siri. Nikamwonyesha droo. Kuna mwingine anayeziona? Nikasema hapana.

"Na saa nane huwa uko hapa, mama?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Nilipaona wazi, kama mtu anavyoona mlango. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Saa nane hupeleka taarifa ya siku ofisini."

"Ni kweli," akasema Mwalimu Mkuu upesi. "Huja kwangu."

"Na mlango?"

"Huwa nafunga."

Alingoja. Hakuniuliza tena, alingoja tu, kalamu juu ya karatasi. Nikaogopa kimya kile kuliko swali lenyewe.

"Siku nyingine nasahau," nikasema.

Akaandika. Akanishukuru. "Kwa rekodi safi kama zako, mama, laiti shule zote zingekuwa na mtu kama wewe."

Naweka kalamu chini.

Jumatano, 6 Novemba

Mama Kinanda ameitwa ofisini saa tatu asubuhi akiwa na aproni. Namba ya mtihani ya Kinanda imesimamishwa. Mtihani ni tarehe 25. Kamati itakaa tarehe 20, na ikimwona ana kosa, hafanyi mtihani miaka miwili.

Mchana alinipakulia chakula kama kila siku. Chumvi hakutia kabisa.

"Miaka miwili," akasema. "Mwenzangu, binti akikaa nyumbani miaka miwili harudi shule. Anarudi nani? Mimi nilikaa mmoja tu."

Nikavuta sahani karibu.

"Wanasema aliingia maktaba saa nane. Saa nane mwanangu yuko hapa anasugua masufuria. Hawa wanaona kwa macho ya mashine, sufuria hazionekani." Akanishika mkono. "Wewe uko chumba kile. Waambie hujawahi kumwona humo."

"Nitawaambia, dada."

Nimekula sahani yote. Sijui kwa nini nimeandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nimekula yote.

Alhamisi, 7 Novemba

Mvua imerudi. Bwana Takwimu amewaita watoto wa ng'ambo mmoja mmoja. Amewaambia atakayesema ukweli atasamehewa na alama zake hazitaguswa.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimeombwa kupeleka vishikwambi ofisini, kwa hiyo nimesikia.

Ngazi ndiye aliyekuwa ndani. Alianza kwa kusema hajui. Mkaguzi akamwambia kwa upole, "Basi kama hujui ni nani, itabidi tuseme ni wewe." Mtoto akamwangalia Mwalimu Mkuu, Mwalimu Mkuu akaangalia karatasi.

"Ni Kinanda," akasema Ngazi. "Nilimpa namba yangu."

"Ulimpa lini?"

"Kabla ya mvua."

Hakumpa. Namba haijawahi kutoka kwenye droo yangu na kichwa chake. Mtoto alikuwa anadanganya mbele yangu, kwa woga uleule uliokaa kifuani mwangu, na kwa sauti ileile niliyoitumia mimi.

Hadi jioni watoto kumi na mmoja wamesaini maelezo kama yake.

Jumatatu, 11 Novemba

43 vimetoka? Hapana, 42. Namba 12 imefungiwa kwenye bahasha.

Jumanne, 12 Novemba

Watoto wanamwita Kinanda "Duka la Majibu". Amekuja maktaba wakati wa mapumziko, akasimama mlangoni, hakuingia. Labda ameambiwa asiingie.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Bibi, kuna mtu mwingine anayeweza kufungua kishikwambi changu?"

Nikasema mashine zina mambo mengi.

"Kwa sababu nimefikiri," akasema, "nikaona labda niliacha wazi. Labda kosa ni langu kweli." Alikuwa anavuta uzi kwenye mkono wa sweta. "Ngazi anasema alinipa namba. Mimi sikumbuki kupewa. Mtu anaweza kupewa kitu akasahau?"

"Nenda darasani, mwanangu," nikamwambia.

Akaenda. Haimbi tena puani. Nilisikiliza hadi mwisho wa korido.

Jumatano, 13 Novemba

Mvua. 42, 42.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimekwenda kwa Mwalimu Mkuu. Nilifanya mazoezi ya maneno tangu asubuhi, lakini niliyasema yote kwa pumzi moja.

"Mwalimu, tumwambie mkaguzi. Ni sisi."

Akafunga mlango. "Ni nani?"

"Uliniambia visilale njaa."

"Nilisema hivyo. Nilimaanisha uvichaji." Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. "Mama, nilikuandikia popote kwamba ujaze? Nionyeshe."

"Hukuandika."

"Umesema mwenyewe mbele ya mkaguzi kwamba saa nane huwa hupo hapa na mlango unausahau. Ukibadilisha leo, wewe ni mwongo wa leo au wa jana? Vifaa vitaondoka, wewe utaondoka, mama yako mgonjwa utamweleza nini? Binti ni mdogo. Miaka miwili inapita."

Nikasimama. Alipokuwa ananifungulia mlango akasema, kama anayenionea huruma, "Hata mimi silali."

Jikoni nilirudisha sahani ikiwa nusu. Mama Kinanda akasema nimekonda, akanifungia chakula kwenye bakuli nipeleke nyumbani.

Ijumaa, 15 Novemba

42, 42.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimeshinda nyumbani. Nilimwuliza mama, kama bila maana, "Nikikosa kazi tutafanyaje?"

"Tutakosa wote wawili," akasema. "Umevunja nini?"

"Sijavunja kitu."

"Basi umepasua." Akarudi kwenye miwani yake, anayoitafuta huku ameivaa.

Jumatatu, 18 Novemba

Mama Kinanda ameniambia mpango wake. Keshokutwa atapiga magoti mbele ya kamati na kuomba msamaha kwa niaba ya binti yake, hata kama hakutenda. Mwenyekiti wa wazazi amemshauri hivyo: ukikiri wanapunguza, unakuwa mwaka mmoja.

"Lakini hakutenda, dada."

"Nani anajua zaidi ya mashine? Kumi na mmoja wamesaini. Mimi mwenyewe jana nimemwuliza mara tatu. Mwanangu wa kuzaa! Mara ya tatu akaniambia, 'Mama, niandike tu kwamba ndiyo.'" Akafuta meza iliyokuwa safi. "Wewe utanishikia mkono nikipiga magoti. Magoti yangu hayainuki yenyewe siku hizi."

Jumanne, 19 Novemba

Mvua. 42, 42. Naogopa. Sina la kuandika zaidi ya hilo.

Jumatano, 20 Novemba

Naandika kwa mpangilio, nisiache kitu.

Kamati imekaa maktaba saa tatu asubuhi: Mwalimu Mkuu, Bwana Takwimu, mwenyekiti wa wazazi. Kinanda na mama yake kwenye benchi. Mimi niliitwa kuleta namba 12 tu, kisha nisimame karibu na kabati nikihitajika.

Kwanza Kinanda alipewa maswali ishirini afanye palepale. Alifanya akiwa amekunja mabega. Alipata kumi na tisa. Uso wa mama yake ukafunguka. "Mmeona? Mwanangu anajua! Anayejua anaiba nini?"

"Mama, hakuna aliyesema hajui," akasema mkaguzi kwa upole wake. "Aliyetoa majibu ilibidi awe anajua. Hili linathibitisha anaweza."

Nikaona uso ule ukifunga tena. Kumbe hata angepata sifuri wangesema anajificha.

Kisha mkaguzi akawaeleza kuhusu vidole. Mashine hupima muda kati ya mguso mmoja na mwingine. Kila mtu ana mwendo wake, kama watu wanavyotofautiana kutembea. Vile vishikwambi 26 vilijazwa na mkono mmoja. Ameulinganisha na mkono wa Kinanda wa leo. "Asilimia sitini na nne," akasema. "Si nyingi sana, ila mtu akijua anapimwa hubadilisha mwendo."

Mwenyekiti akakohoa. "Basi mzazi ana neno?"

Mama Kinanda akainuka kutoka kwenye benchi. Akanitazama ili nije nimshike mkono. Goti la kwanza lilikuwa linakwenda chini.

Sikufika kwake. Nimesema, "Nipime mimi."

Nilisema polepole mno, ikabidi nirudie. Mkaguzi akasema, "Samahani, mama?"

"Huo mwendo. Nipime na mimi."

"Mama amechoka," akasema Mwalimu Mkuu, "tangu wiki iliyopita hayuko sawa."

"Ni dakika moja tu," nikasema. Nikatoa namba 31 kabatini kwa sababu ndiyo pekee iliyobaki ikichajiwa, nikaketi kwenye benchi la watoto. Hakuna aliyenizuia. Mkaguzi akaunganisha waya kwenye kompyuta yake. Niliingiza namba ya siri bila kuangalia daftari la bluu, nikafungua somo, nikabonyeza kama nilivyobonyeza siku zile. Kidole hakikutetemeka. Kilikuwa kimezoea.

Chumbani kulikuwa na sauti ya mvua na ya kidole changu.

Mkaguzi akaangalia skrini yake. Akaangalia tena. Hakutabasamu. "Tisini na nane," akasema.

Nikawaambia yote. Ile tarehe 15, na mlango niliofunga kwa ndani, na kwamba saa nane sijawahi kwenda ofisini, na mtungi. Nikasema namba za siri sikumpa Kinanda wala mtu mwingine, na watoto kumi na mmoja wamesaini uongo kwa sababu waliogopa. Niliposema "visilale njaa" Mwalimu Mkuu alikuwa anatazama nje. Akasema maneno hayo hayakumbuki.

Sikumwangalia Mama Kinanda. Nilisikia benchi likilia alipoketi. Kinanda ndiye aliyeniangalia, muda mrefu, bila hasira, kama anayekagua hesabu iliyomsumbua akaona ilikokosewa.

"Kwa hiyo sikusahau," akasema.

"Hukusahau, mwanangu."

Alhamisi, 21 Novemba

Namba ya mtihani ya Kinanda imefunguliwa. Mazoezi ya wiki zile ya watoto 26 yamefutwa. Mzazi mmoja wa ng'ambo amesimama nje ya nyumba yetu akasema maneno ambayo mama yangu, kwa bahati, hakuyasikia yote. Ana haki. Watoto hao nao nimewaumiza mara mbili, kwa kuwapandisha na kwa kuwashusha.

Mimi nimesimamishwa kazi hadi ripoti ya mradi isomwe mbele ya wazazi, tarehe 2 Desemba. Mwalimu Mkuu yuko kazini.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimerudisha funguo: ya mlango, ya kabati, ya droo. Nimesaini mahali patatu. Njia ya kutokea inapita jikoni, na Mama Kinanda alikuwa mlangoni na kisu cha vitunguu.

Nikasimama.

"Siku kumi," akasema. "Nimehesabu. Tangu waniite hadi juzi, siku kumi umekaa mezani kwangu, unakula, unajua."

"Ndiyo, dada."

"Nilikufungia hadi bakuli."

"Ndiyo."

Alikuwa analia, au ni vitunguu, sijui. Kuku wa jirani alikuwa ananyeshewa ukutani, sote wawili tukamtazama yeye.

"Usiku mzima nimezigeuza hizo siku kumi," akasema mwishowe. "Nikasema, mtu mwoga akishtuliwa, kumi si nyingi. Wengine wangenyamaza hadi kaburini. Kumi naweza kuzimeza, mdogo wangu. Kwa shida, ila nitazimeza. Rudisha bakuli langu."

Nimesema asante. Nimeondoka haraka, karibu nikimbie. Nilidhani ni furaha.

Jumatatu, 25 Novemba

Mvua nyembamba. Saa mbili kamili kengele ya mtihani imesikika hadi kwetu. Kinanda yuko ndani. Ngazi yuko ndani. Wote 43 wako ndani.

Sina vishikwambi vya kuhesabu, kwa hiyo nimelifungua daftari hili tangu mwanzo na kuhesabu milo. Kuanzia tarehe 6 hadi 19 ni kumi, Mama Kinanda hakukosea. Lakini mimi niliuona mstari mwekundu tarehe 28 Oktoba. Kuanzia kesho yake, tarehe 29, 30, 31, 1, 4, 5. Hata Bwana Takwimu alikuwa hajafika, hakuna aliyekuwa ameniuliza wala kunishtua. Ningeweza kusema nikiwa na kijiko mkononi, na binti asingeitwa kabisa.

Kila skrini inayofunguliwa kwenye kompyuta ya mtunzaji huandikwa jina la aliyeifungua, tarehe na saa, na ule mstari mwekundu niliufungua mimi. Ripoti itasomwa Jumatatu ijayo, na Mama Kinanda atakuwa amekaa mbele pamoja na wazazi.

Amenisamehe kumi. Zimebaki sita, na wanaozijua ni wawili, mimi na mashine. Nimeosha bakuli. Nimevaa viatu. Jikoni huwa peke yake hadi saa nne.